Fundi cherehani alijua kabla ya daktari

Ndugu mhariri, swali lenu la wiki nimelisoma mara tatu. Mmeuliza hivi: wagonjwa wa mifupa kudhoofika, hii wanayoiita osteoporosisi, wakipewa nafasi ya kuwachagulia watafiti kazi, wangetaka kichunguzwe nini kwanza? Mkatoa mfano wa Uingereza, kwamba tangu 2004 wana utaratibu unaoitwa James Lind Alliance, wagonjwa na wanaowauguza na madaktari wanakaa pamoja wanachagua maswali kumi yanayotakiwa kutafitiwa mwanzo. Mi ni mgonjwa, nina miaka 64, mwalimu mstaafu, niko Tanga. Na kusema kweli nilipolisoma nilipandwa na hasira. Utafiti wa nini tena? Alendroneti, dawa ya kuimarisha mifupa, ipo madukani huko duniani tangu 1995, Shirika la Afya Duniani lilishasema tangu 1994 kwamba ukipimwa uzito wa mfupa, ukalinganishwa na kijana mwenye afya, ukakutwa minus 2.5 au chini yake basi una ugonjwa huu. Hapa kwetu hakijakosekana kitu cha kugundua jamani, amekosekana mtu wa kukwambia. Mi nimekaa na huu ugonjwa miaka bila kuambiwa, na aliyekuja kuniambia ni fundi cherehani.

Ngoja nieleze. Mwaka 2019 niliteleza bafuni nikavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Nikafungwa hogo wiki sita, likatolewa, nikaambiwa pole mwalimu, uwe unaangalia unapokanyaga. Mkono uliunga vizuri, aliyeufunga simlaumu. Ila hakuna aliyeniuliza mbona mtu mzima umeteleza tu pale uliposimama na mfupa ukakatika, wala aliyeniuliza unameza dawa gani, na mi nina pumu, predinisoloni nimezimeza kwa vipindi virefu tangu bado nafundisha, na zile dawa ukizitumia muda mrefu zinakula mfupa. Ukichanganya na kukoma hedhi ndo kabisa. Hayo yote nimeyajua baadaye.

Sasa 2022 mtoto wa dada yangu akawa anaolewa. Sare yetu kina mama wakubwa ilikuwa kitambaa cha kijani, kila mtu kakatiwa kipande chake, hakuna cha ziada. Fundi wangu yuko Ngamiani, ananishonea zaidi ya miaka kumi, ana kaunta buku lake kubwa lenye vipimo vya wateja wote, kila mtu na ukurasa wake. Mimi huwa sipimwi tena, nampelekea kitambaa namwambia fundi tumia vya zamani, na ndivyo nilivyofanya. Siku ya kujaribu nguo naivaa, mbele inaburuza chini na nyuma imepanda, visigino vyote nje. Fundi wa watu akaishiwa nguvu. Akaniomba radhi, akasema mwalimu nimekosea kukata, na kitambaa ndo hicho hicho, na harusi Jumamosi.

Akafungua daftari, akanipima upya kutoka begani hadi chini. Daftari linasema inchi 55. Tepu inasema 53. Akanivua viatu, akapima tena, 53. Mi nikamwambia fundi, hiyo tepu yako imevutika kwa uzee, na nilisema kwa ukali maana nguo ilikuwa imeniudhi. Hakubisha. Akaitandaza tepu juu ya meza akailinganisha na rula yake ya mbao, wakalingana inchi kwa inchi. Bado sikutaka. Akatoka akaenda kibanda cha jirani akaazima tepu mpya, bado inang'aa, akanipima mara ya tatu, wakati huu kanisimamisha mgongo ukutani, na hapo ndo nikagundua kitu mwenyewe, kwamba mabega yamegusa ukuta lakini kichwa hakigusi, mpaka nikinyanyue kidevu juu. Tepu ikasema 53. Akakaa kimya kidogo, halafu akasema, Mwalimu, umepungua. Nikamwambia si nimekonda tu. Akasema sio unene, urefu. Akasema mama yake mzazi alianza hivyohivyo, nguo mbele zinaburuza, wakawa wanamkunjia tu pindo, mpaka akaishia na kibiongo na hawezi kutazama juu. Akanambia nenda hospitali kabla ya harusi, nguo niachie mimi.

Na mgongo ulikuwa unaniuma tangu miezi minne kabla! Tulikuwa tunaenda msibani Muheza, nimekaa siti ya nyuma kabisa, gari likapita kwenye shimo nikarushwa na kutua kwa kishindo, nikasikia kitu kama kijiti kimekatika ndani. Nikajua ni msuli. Nikachuliwa mafuta, nikameza dawa za maumivu, nikaambiwa na kila mtu kwamba ni uzee. Nilipopigwa eksirei pingili mbili za mgongo zilikutwa zimebonyea. Halafu nikaambiwa niende Dar nikapime uzito wa mfupa, kilomita mia tatu na hamsini hivi kwa basi, mtu mwenye mgongo uliovunjika. Nilikaa siti za katikati nimeshika mto mpaka mwisho. Jibu likaja minus 3.1.

Kwahiyo mkiniuliza cha kwanza, nilitaka niseme hivi: acheni kutafuta dawa mpya, tafuteni kwanini mtu mzima anayevunjika mkono kwa kuanguka tu anafungwa hogo na kurudishwa nyumbani bila kuulizwa swali hata moja. Huo mkono ulikuwa unaongea. Ungesikilizwa 2019 pengine mgongo wangu ungekuwa mzima leo, sisemi lazima, nasema pengine.

Ila nikiandika hapa naona maswali yananijia ambayo sio ya huduma, ni ya utafiti kweli. Mfano dawa. Alendroneti unaimeza mara moja kwa wiki, asubuhi, tumbo tupu, glasi nzima ya maji, halafu usilale wala usile nusu saa nzima. Sawa. Ramadhani je? Asubuhi nimefunga. Niinywe magharibi kabla ya tende, nisubiri nusu saa ndo nifuturu? Au niinywe kabla ya daku? Nimewauliza watu watatu wa dawa nimepata majibu matatu. Mwaka wa kwanza niliiacha mwezi mzima kwa kuogopa kukosea, na najua kina mama wengi tu wanaofanya hivyo. Kingine, kubeba. Nina mjukuu wa mwaka mmoja na nusu, akija ananyoosha mikono, na mi nakaa chini ndo nampakata, sijamnyanyua kutoka chini hata siku moja, kwa sababu nimeambiwa usibebe vizito na hakuna aliyenambia kizito ni kilo ngapi. Ndoo je? Ndoo nusu? Daktari anajali namba za kipimo na ana haki yake, lakini mi kinachoninyima usingizi ni yule mtoto na mikono yake.

Halafu lile lililonigeuza kabisa. Mwanangu wa kiume alinionyesha kwenye simu kikokotoo kinaitwa FRAX, cha Chuo Kikuu cha Sheffield, kilianza 2008. Unajaza umri, uzito, urefu, umewahi kuvunjika, mzazi aliwahi kuvunjika nyonga, unatumia predinisoloni, kinakupa uwezekano wa kuvunjika ndani ya miaka 10. Unaanza kwa kuchagua nchi, maana kila nchi ina hesabu yake kutokana na watu wake wanavyovunjika na wanavyokufa. Tukaitafuta Tanzania hatukuiona. Na nilipomuuliza daktari akanieleza kwamba hata ile hesabu ya kipimo, ya nyonga hasa, inakulinganisha na wanawake wazungu wa Marekani wenye miaka 20 mpaka 29. Nilishtuka. Mi nafananishwa na nani? Sisemi kipimo ni cha uongo, mgongo wangu ulishavunjika na hilo halihitaji hesabu. Lakini kuna mama yuko mpakani pale, minus 2.4, ameambiwa huna shida nenda nyumbani, na kumbe hatujui mpakani kwetu ni wapi.

Basi nimeanza nimekasirikia utafiti na naona namalizia nikiuomba. Utuhesabu sisi. Na kama ni kuchagua kimoja, nachagua urefu. Kliniki zinapima presha na uzito kila siku, urefu wa mtu mzima hakuna anayeuandika. Daktari amenambia wenzetu huko mtu akipungua sentimita 4 wanashtuka wanampiga picha ya mgongo, na inchi zangu mbili ni sentimita 5. Sasa je, kwetu ni hizohizo 4? Kila mzee anapungua kidogo, tepu nyingine zimevutika kweli, na pengine fundi wangu ni mmoja kati ya mia kwa uangalifu. Hilo ndo litafitiwe. Tena mi nina bima ya ualimu na nauli ya Dar niliipata. Mama anayebeba kuni Lushoto mkimuuliza huenda akasema lingine kabisa, na mkimsikiliza yeye mkaniacha mimi sitanung'unika.

Nilimpitia fundi jana kumwambia nakuandikieni. Daftari bado analo, ukurasa wangu ameukunja kona, 55 imekatwa mstari na 53 ipo pembeni kwa kalamu nyekundu. Nikamuuliza kama mtafiti akija ataruhusu lisomwe. Akasema aje tu, kina mama waliopungua humo ndani sio mimi peke yangu, ila daftari lisitoke dukani.