Katalogi si kurasa zenyewe

Unasema jina la babu wa babu yako halitokei, ilhali maktaba ya historia imetangaza kwamba makusanyo yake sasa yanatafutika mtandaoni. Mara nyingi kinachotafutika ni katalogi tu, yaani orodha ya vilivyomo. Sanduku zima la barua za familia linaweza kuingizwa kwa mstari mmoja, "Barua, 1820–1845", basi. Huenda jina limo humo ndani, ila hakuna aliyelichapa.

Hata kurasa zikishapigwa picha, kompyuta husoma kwa kubahatisha. Vitabu vingi vya Kiingereza vilivyochapwa kabla ya 1800 vina s ndefu, ſ, inayofanana sana na f. Kwa hiyo "sail" husomwa "fail": meli imetweka tanga, kompyuta inasema imeshindwa! Mwandiko wa mkono ndio balaa zaidi.

Jaribu tahajia nyingine za jina, kisha mahali alipoishi, mwajiri wake, au mtu aliyekuwa akiandikiana naye. Ukipata sanduku linaloelekea kuwa na jina hilo, mwandikie mkutubi ukimtajia namba ya rejea ya sanduku. Muulize pia kuhusu faharasa za kadi, yaani orodha za zamani zilizoandikwa kwenye vikadi. Baadhi bado zimo kwenye droo, hazijaingizwa kokote.