Barua kwa mwanangu: utamlilia vipi baba yako na hukumzika

Mwanangu,

Meseji yako niliisoma usiku nikairudia asubuhi, na nakujibu kwa kuandika manake kwa sauti tutalizana tu hatutaongea kitu. Umeuliza mbona hatukukusubiri hata siku mbili ufike kutoka Toronto, na utamlilia vipi baba yako wakati hukumuona akizikwa. Kazini unaenda, unakula, machozi hayaji, unajiona una moyo mgumu.

La kwanza jepesi. Baba yako kafariki alfajiri, baada ya laasiri tumemzika, na hivyo hivyo ndo alivyozikwa babu yako na wewe ulikuwepo hukuuliza. Dini inahimiza maiti asicheleweshwe, na yeye mwenyewe alikuwa akisema siku yangu ikifika msinilaze kwenye friji kumngojea mtu, awe nani. Usitie moyoni kwamba ulisahauliwa.

La pili nalo nikuulize na mimi, kwani unadhani sisi huku tulikuwa tunalia? Siku ile sikuipata nafasi ya kulia. Msiba una kazi baba, wengine wanahangaika na sanda na kafuri, wengine kaburini wanachimba, udongo wa mwanandani, kile kishimo cha ndani anacholazwa maiti, ukaporomoka ikabidi waanze upya na jua lile, wanawake uani na masufuria, huyu anauliza mikeka iko wapi yule anauliza maji. Kaka yako kaingia kumuosha na hajawahi kuosha maiti maisha yake, halafu jeneza wakapokezana mabegani mpaka makaburini, na yeye ndo aliyeshuka chini kumpokea. Karudi kanzu yote udongo, kaketi pale barazani, ndo akalia.

Wewe ulikuwa na simu tu. Umekaa chumbani na baridi hiyo unaangalia vidio inatikisika (na aliyeirusha kwenye grupu simpendi mpaka leo, maiti ya mtu inasambazwa kama harusi). Hukubeba, hukuchimba, hukumimina hata maji. Sasa machozi yatatoka wapi, masikio yamesikia lakini mwili wako bado haujaambiwa.

Na wanaokwambia kaza moyo mwanamume halii, waambie Mtume alimlilia mwanawe Ibrahim mbele za watu, na alipoulizwa hata wewe, akasema hiyo ni rehema. Yakija lia, yasipokuja usiyatafute.

Mimi mwenzako nimo edani, kukaa ndani kwa kufiwa na mume, miezi 4 na siku 10 kama ilivyo kwenye Qurani. Nimekuwa kizuka, sitoki, sipaki hina wala manukato. Wasichana wa rika lako wanaiona kama kifungo, wananiuliza mama unastahamili vipi, na mie nakwambia ukweli imenifaa, manake hakuna anayenitaka nichangamke wala wa kuniambia maisha yanaendelea. Huko kwenu umepewa ruhusa siku za kuhesabu kwa vidole ukaambiwa karibu tena ofisini. Hapo hata mimi ningegeuka gogo.

Kumsalia hujachelewa. Najashi mfalme wa Habasha alifia kwao, Mtume akamsalia Madina na masahaba nyuma yake, maiti hayupo mbele yao. Sisi wa madhehebu ya Shafii salatul ghaib, sala ya kumsalia maiti asiyekuwepo, tunaijua, nenda msikiti wa huko mwambie imamu. Na kama kaburi ndo linakusumbua, kumbuka 2011 meli ya Spice Islander ilipozama usiku ikienda Pemba, wangapi hawakuonekana mpaka leo, jamaa zao walikaa msiba bila maiti wala kaburi na bado wanawaombea. Khitma ya baba yako, kisomo cha Qurani cha kumuombea, tumeshasoma, wapo wanaosema ni bidaa, jambo la kuzushwa kwenye dini, wabishane wao, mie wali nilishaupika.

Sasa kazi yako, manake iko na nimekuwekea wewe. Siku ya maziko ami yako alisimama akatangaza anayemdai marehemu aje kwa warithi, wakaja, tumelipa. Lakini kule dukani kumejaa redio za watu, mafeni, madeki ya zamani, mengine yamelipiwa nusu na hayajatengenezwa. Zile ni amana, hatuwezi kufunga mlango tukanyamaza. Daftari lake nimelipiga picha nakutumia kurasa zote. Kaka yako mwandiko ule hausomi, wewe ndo ulikuwa unakaa naye pale ukitoka skuli, unajua akiandika "K.M." ni kumaliza au ni koili mbovu. Piga simu mmoja mmoja. Mwambie fundi kafariki, chombo chako kiko hivi, njoo uchukue, na kama ulitanguliza pesa tunakurudishia. Wengine utakuta wenyewe wamekufa, ongea na watoto wao. Na kuna watakaokushika nusu saa wanakusimulia habari za baba yako, usiwakatie simu, salio likiisha niambie.

Ukipata nafasi anza na yule wa Makunduchi, keshanipigia mara mbili anaitaka redio yake ya betri na mie sijui ni ipi, ziko tatu zinafanana. Na saa uje uniambie unapiga saa ngapi za huku, usimuamshe mtu.

Mamaako