Boila mpya, mshale wa presha hautulii: ni hewa tu?

SWALI: Nimefungiwa boila mpya ya gesi ya kupasha nyumba joto, sasa ni wiki ya tatu. Mabomba na radieta (vyuma vya ukutani vinavyotoa joto) ni zilezile za zamani. Asubuhi geji inasoma chini ya bar 0.5 na boila inagoma kuwaka. Najaza maji hadi bar 2 ili nisihangaike tena, lakini nyumba ikishapata joto mshale unakaribia 3, na kesho yake hali ni ileile. Radieta mbili za ghorofani zina moto chini, juu baridi. Fundi anasema ni hewa tu, itaisha yenyewe. Ni kweli?

JIBU: Hewa ipo, na radieta zako mbili zinaithibitisha. Mfumo uliojazwa maji mapya huachia hewa iliyoyeyuka ndani yake kwa siku kadhaa, presha ikashuka kidogo kidogo. Unaongeza maji mara mbili tatu, mambo yanatulia. Lakini hewa inayotoka hushusha mshale tu, haiwezi kuurusha hadi karibu na 3. Mshale unaopanda sana kwenye moto na kuanguka sana kwenye baridi unatupeleka kwenye tangi la upanuzi, na kwa bahati mbaya kujaza hadi bar 2 kunalizidishia mzigo tangi hilo.

Maji yakipata moto huvimba. Lita 100 zikitoka nyuzi 15 hadi nyuzi 70 za Selsiasi huongezeka kama lita 2.2, na kwa kuwa maji hayabanwi, ongezeko hilo lazima lipate pa kwenda. Ndiyo kazi ya tangi la upanuzi: kopo la chuma lililogawanywa kwa mpira, upande mmoja maji ya radieta, upande wa pili hewa iliyopigwa pampu. Maji yakivimba, hewa inajibana na kuyapisha.

Chukua tangi la lita 8 lenye hewa ya bar 0.75, vipimo vya kawaida kwa boila za nyumbani. Ukijaza mfumo hadi bar 1 ukiwa baridi, tangi linaweza kupokea lita 3 kabla mshale haujafika 2.5. Ukijaza hadi 1.5, nafasi inapungua kuwa lita 1.6. Ukijaza hadi 2, inabaki lita 0.7 tu. Kwa hiyo maji yanapovimba mshale unakimbilia bar 3, na hapo valvu ya usalama hufunguka na kuyamwaga nje. Usiku mfumo ukipoa, maji yaliyomwagwa hayapo tena, na asubuhi unakuta 0.5.

Anza na jambo ambalo halihitaji spana. Boila ikiwa imezimwa na mabomba yamepoa kabisa, weka presha kati ya bar 1 na 1.2, funga valvu zote mbili za bomba la kujazia, na kama bomba lenyewe ni la kufunguka, lichomoe. Andika geji inasoma ngapi asubuhi kabla ya moto na ngapi jioni radieta zikiwa za moto. Fanya hivyo siku mbili. Jioni ikiishia 1.5 hadi 2 na asubuhi ikarudi ilipokuwa, tangi ni zima; kosa lilikuwa ujazaji. Ikiendelea kupita 2.5, ama tangi limepoteza hewa au ni dogo kwa maji yaliyomo. Hili la pili hutokea sana boila mpya inapofungwa kwenye radieta za zamani zenye matumbo makubwa na mabomba mapana. Boila ni nzima, ila mfumo una maji mengi kuliko tangi lake linavyoweza kubeba, na dawa ni kuongeza tangi la pili kwenye bomba la marejeo, yaani linalorudisha maji kwenye boila. Mshale ukipanda hata moto ukiwa umezimwa, bomba la kujazia linapitisha maji. Au, kama boila inapasha pia maji ya kuogea, kibadilisha joto chake kimetoboka ndani.

Hewa ya tangi hupimwa na fundi, mara nyingi baada ya kufungua kifuniko cha boila. Mwambie aipime wakati presha ya maji ni sifuri na koki ya kutolea maji iko wazi. Akipima mfumo ukiwa umejaa, geji itamsomea presha ya maji na ataapa kwamba tangi ni zima. Kichwa cha kutilia hewa kwenye tangi ni kama cha gurudumu la gari. Akikibonyeza yakatoka maji badala ya hewa, mpira umepasuka na tangi linabadilishwa. Ikiwa ni hewa pungufu, anapiga pampu hadi kipimo cha kitabu cha boila.

Wewe chunguza valvu ya usalama. Kuna bomba dogo la shaba linalotoka kwenye boila hadi nje ya ukuta. Jioni vika mdomo wake kifuko chembamba cha plastiki, ukifunge kwa mpira bila kukaza sana, kisha ukitazame asubuhi. Kikiwa na maji, hata vijiko viwili, umepata njia inayotoroshea presha yako. Na ikishafunguka mara kadhaa, valvu hiyo hushika uchafu mdomoni ikaendelea kudondosha hata presha ikiwa sawa. Kwa hiyo tangi likirekebishwa, nayo ibadilishwe siku hiyohiyo.

Kifuko kikiwa kikavu na presha bado inashuka, kuna uvujaji. Zima boila kwenye swichi ya umeme, iache ipoe, kisha funga valvu mbili zilizo chini yake, ya kupeleka na ya kurudisha, hadi asubuhi. Geji ikishuka, maji yanapotea ndani ya boila. Isiposhuka, tafuta kwenye mabomba na radieta. Pitisha karatasi ya chooni kavu chini ya kila kiungo, nayo itakuonyesha unyevu ambao kidole hakiuhisi. Fungua valvu hizo kabla ya kuwasha tena. Usisahau hilo hata kidogo.

Sasa radieta. Toa hewa mfumo ukiwa baridi na pampu imesimama, ukianzia chini kupanda juu. Shika kitambaa, zungusha ufunguo wa skrubu ya kutolea hewa robo tu, ngoja mlio wa hewa uishe na maji yatoke bila kukohoa, funga, kisha rudisha presha. Radieta ikijaa tena kila wiki, hiyo huenda si hewa bali haidrojeni inayozalishwa na kutu, nayo inashika moto, kwa hiyo usisogeze mshumaa wala sigara.

Hapo ndipo ninapohofia zaidi huu ujazaji wa kila siku. Kila lita mpya inaingia na oksijeni, oksijeni inakula chuma cha radieta, na tope jeusi la kutu linaishia kwenye njia nyembamba za boila mpya. Muulize fundi kama alisafisha mabomba ya zamani kabla ya kufunga, kama aliweka kichujio cha sumaku kwenye marejeo, na kama alitia dawa ya kuzuia kutu. Kwa kipimo cha dawa, fuata chupa. Maji uliyoyamwaga kwa wiki tatu yameondoka na sehemu ya dawa hiyo, kwa hiyo matengenezo yakiisha ipimwe na kuongezwa.

Kifuniko cha boila usikifungue mwenyewe: kwa boila nyingi ndicho kinachozuia moshi usiingie ndani, na dhamana inaweza kupotea. Ukinusa gesi, funga valvu ya mita, fungua madirisha, usiguse swichi yoyote, toka nje ndipo upige simu ya dharura. Na kama hakuna kengele ya kaboni monoksidi karibu na boila, nunua leo, kabla ya kumwita fundi kwa ajili ya presha.