"Advice" na "advise": shika koo lako kwanza

Kwa miaka kadhaa nilifunga barua pepe zangu za kazi kwa "please advice", na hakuna aliyeshtuka, maana wenzangu nao waliandika hivyohivyo. Hadi mteja mmoja aliponijibu kwa mstari mfupi ulioanza na "You asked me to advise". Hakunisahihisha waziwazi. Ndiyo iliyouma zaidi.

"Advice" ni nomino, yaani ushauri. "Advise" ni kitenzi, kushauri. Sisi tumezoea kuangalia kichwa cha neno: u- hii hapa, ku- ile pale, huwezi kuchanganya. Kiingereza huficha tofauti hiyo mkiani. (Na "advices" usiandike kabisa, hata sisi ushauri hatuuhesabu moja, mbili.)

Kilichonisaidia si kukariri herufi, ni sikio. Weka vidole kooni, useme "advise": koo linatetema, kama z ya "zaa". Sema "advice": limetulia, kama s ya "saa". Nilipolijua hili, nililiona kila mahali. "Use" na "house" huandikwa vilevile, lakini vikiwa nomino vina s, vikiwa vitenzi vina z. "Belief" na "believe", "proof" na "prove": nomino f, kitenzi v. "Breath" ina th ya thelathini, "breathe" ina dh ya dhahabu. Anayeona ni tofauti ndogo na amwambie mgeni wake avue nguo, ilhali alitaka azifue.

Koo linakwama kwenye "practice" na "practise", kwani hutamkwa sawa. Uingereza nomino huandikwa kwa c na kitenzi kwa s. Marekani ni "practice" kotekote. "Licence" nayo: Uingereza "license" ni kitenzi tu, Marekani ni yote mawili. Chagua upande mmoja usiuhame katikati ya barua. Ukifuata Uingereza na ukasita, weka "advice" au "advise" mahali pa neno hilo. "I need advice" inakubali, basi ni "I need practice".

Programu ya kukagua tahajia usiitegemee hapa. Yangu, iliyowekwa Kiingereza cha Marekani, huipigia "practise" mstari mwekundu kila mara. "Please advice" haikuigusa hata siku moja, kwa kuwa kwayo "advice" na "advise" yote ni maneno halali.