Hesabu Siku Zako Kabla ya Kujaza Ritani

Nilihamia Kampala kutoka Bukoba tarehe 3 Machi 2022, nikiwa na kibali cha kazi, mkataba wa kufundisha na kazi chache za tafsiri. Ilipofika Desemba, mwezi wa mwisho wa kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya kodi, ya mwaka wa mapato ulioishia tarehe 30 Juni, mshauri niliyemlipa aliniambia nijaze kuwa mimi si mkaazi kwa hesabu ya kodi, kwa kuwa hadi Juni nilikuwa nimekaa siku 120 tu. Alikosea, na kosa hilo si dogo, maana asiye mkaazi hutozwa asilimia 10 tangu shilingi ya kwanza ya mshahara, bila kile kiwango cha chini ambacho mkaazi hatozwi kodi.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya Uganda haiishii kwenye siku za Julai hadi Juni. Inatazama siku 183 au zaidi ndani ya kipindi chochote cha miezi 12 kinachoanza au kuishia ndani ya mwaka huo wa mapato. Kipindi changu kilianza tarehe 3 Machi, na hadi mwisho wa Oktoba, hata baada ya kutoa siku 21 nilizokwenda nyumbani, nilikuwa nimefikisha siku 222. Kwa hiyo nilikuwa mkaazi, na kibali hakikuwa na neno katika hilo. Mwenye makao ya kudumu Uganda ni mkaazi pia, hali kadhalika aliyekaa kwa wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka, katika mwaka husika na miwili iliyoutangulia.

Siku hizo nilizihesabu usiku mmoja, pasipoti ikiwa wazi mezani. Mhuri mmoja wa mpakani Mutukula ulikuwa umefifia hata tarehe haisomeki, nikaipata kwenye tiketi ya basi iliyobaki ndani ya kitabu. Tangu hapo kila safari naiandika daftarini siku ileile, na ndugu zangu mnaovuka mpaka mara kwa mara nawasihi mfanye hivyo.

Ukaazi una upande wake mzito: mkaazi hutozwa kodi kwa mapato yake ya popote duniani. Hata hivyo, mgeni ambaye muda wake wote nchini haujazidi miaka miwili huhesabiwa kuwa mkaazi wa muda mfupi, na mapato yake ya nje husamehewa. Pango la nyumba ninayopangisha Bukoba lilipata nafuu hiyo mwanzoni. Sasa nalitaja kwenye ritani na kuambatanisha risiti za kodi ya mapato niliyolipa Tanzania, ili ipunguzwe kwenye ile ninayodaiwa hapa.