Usimimine dawa ya shaba kwa sababu ya vidudu vyeupe kwenye kioo

Mkuu, weka hiyo chupa chini kwanza. Umesema tangi lako la lita 40 la maji ya chumvi limejaa vidudu vyeupe vinavyotembea kwenye kioo, muuzaji kakuambia ni ugonjwa wa madoa meupe, kakupa dawa ya shaba, na unataka kujua dozi, saa za taa na kiasi cha chumvi. Mimi niliambiwa maneno hayo hayo. Nikamimina.

Hivyo vidudu ni kopepodi, ndugu wa kamba na kaa, ila wengi hawafiki hata milimita 2. Samaki wako hawamgusi. Wanakula mwani na mabaki ya chakula. Vimelea vya madoa meupe huwezi kuviona vikitembea kwenye kioo. Utaona madoa kama chembe za chumvi mwilini mwa samaki. Samaki wako ana madoa? Hujasema. Wangu hakuwa nayo, na sikuangalia vizuri.

Nilimimina jioni. Asubuhi kioo kilikuwa safi, hakuna kidudu, nikafurahi. Kufika mchana kamba wangu wawili walikuwa wamelala ubavu, miguu inatetemeka. Konokono wakadondoka mmoja baada ya mwingine. Kisha kopepodi na amfipodi, ndugu zao wakubwa kidogo, wote waliokuwa wamejificha mchangani na ndani ya mawe wakaanza kuoza kwa mpigo, amonia, sumu itokanayo na uozo, ikapanda, na siku ya nne samaki naye akafa. Samaki mzima kabisa, niliyedhani namtibu.

Nikabadilisha maji tena na tena, nikaweka mkaa wa kuchujia. Baada ya miezi miwili nikaleta kamba mpya. Siku ya pili kafa. Hapo ndipo nilipojua kwamba mawe na mchanga wa chokaa hunyonya shaba, kisha huiachia majini kidogo kidogo. Nilitupa mawe yote, mawe niliyoyalea miaka mitatu, nikaanza upya na tangi tupu.

Aliyeniuzia ile dawa nina hasira naye mpaka leo. Mtu asiyejua aseme sijui, nitamheshimu. Huyu nilimuuliza mara mbili kama haitaua kamba, akanijibu, "Weka nusu dozi tu." Dozi ya kutibu samaki ni kama miligramu 0.15 hadi 0.2 za shaba kwa lita. Nusu yake bado ni sumu kwa jamii ya kamba. Na chupa ilikuwa na onyo lake, kwa herufi ndogo, kwamba isitumike palipo na wanyama wasio na uti wa mgongo. Yeye ndiye aliyekuwa anaiuza kila siku. Alipaswa kulisoma.

Shika hili tu: shaba haiingii kwenye tangi lenye mawe. Haiingii hata tone. Samaki akiumwa kweli, mtoe, mtibu pembeni kwenye chombo kisicho na mawe wala mchanga, na tangi likae bila samaki siku 76 hivi vimelea vife kwa kukosa wa kumshambulia.

Kopepodi wamejaa kwa sababu chakula kinabaki. Punguza kulisha, nyonya uchafu wa mchangani unapobadilisha maji, futa kioo. Watapungua wenyewe, ila ngoja wiki kadhaa. Na asije mtu akakushauri ununue samaki aitwaye mandarini aje awale. Yule hudonoa kutwa nzima. Kwenye lita 40 atawamaliza, kisha atakonda hadi afe njaa mbele ya macho yako.

Kama umeshamimina, usisubiri jibu la mtu mwingine. Toa kamba na konokono sasa hivi, waweke kwenye maji mapya yenye chumvi na joto sawa na la tangini, ndipo uanze kubadilisha maji ya tangi. Halafu rudi hapa utuambie wamebaki wangapi.