Maswali na majibu: hesabu za OPR zinazochelewa

Tunatafuta OPR, yaani mchango wa kila timu ya roboti kwenye pointi za muungano wake, kwa kupiga kinyume cha matriksi. Mbona inachukua muda?

Achaneni na kinyume. Mnachotafuta ni jibu la mlinganyo, na kinyume chenyewe hamkihitaji popote. Matriksi yenu ni linganifu na, mechi zikitosha, ni chanya dhahiri (positive definite), kwa hiyo mbinu ya Cholesky, inayoivunja matriksi kuwa vipande vya pembetatu, inafaa: hatua zake ni takriban n³/3, wakati kinyume cha kawaida kinakula 2n³, mara sita zaidi. Kwenye SciPy, maktaba ya hesabu ya Python, cho_factor huivunja matriksi mara moja, kisha cho_solve hutoa majibu. Mkitaka pia makadirio ya pointi za kufungwa, tumieni vipande vilevile, msivunje upya.

Na kuzidisha A iliyopinduliwa (transpose) kwa A ili kupata matriksi hiyo? A yetu ina mstari kwa kila muungano na safu kwa kila timu: 1 ikiwa timu imo, 0 ikiwa haimo.

Msizidishe kabisa! Kwenye FRC, mashindano ya roboti ya FIRST, kila mechi ina miungano miwili na muungano una timu tatu. Timu 40 zikicheza mechi 80, A inakuwa na mistari 160 na nafasi 6,400, ila zenye 1 ni 480 tu. Kilichobaki ni sifuri mnazozidisha bure. Anzeni na matriksi tupu ya 40 kwa 40. Tuseme timu ya 5, ya 17 na ya 32 zimepata pointi 61 pamoja. Ongezeni 1 kwenye (5,5), (17,17) na (32,32), na 1 kwenye kila jozi yao, kwenda na kurudi: (5,17), (17,5) na kuendelea. Upande wa kulia wa mlinganyo, kila moja ya hizo tatu iongezewe 61. Ni nyongeza 12 tu kwa muungano. Mwishoni kagueni mshazari mkuu: namba yake ni idadi ya mechi za timu. Timu imecheza 12 na mshazari unasema 11? Kuna mechi imerukwa.

Asubuhi ya kwanza programu inagoma au inatoa namba za ajabu.

Mechi hazijatosha. Timu 40 zinahitaji angalau mistari 40, yaani mechi 20, na hata hapo timu mbili zinazopangwa pamoja kila mara haziwezi kutenganishwa. Kinachojulikana ni jumla yao. Dawa: ongezeni 1 kwenye kila nafasi ya mshazari. Lakini kwanza toeni wastani wa pointi kwenye kila muungano, halafu mrudishie kila timu theluthi ya wastani huo mkishapata majibu. Bila hivyo timu zote zitavutwa kuelekea sifuri.

Timu 3,000 za msimu mzima?

Matriksi kamili ni megabaiti 72, inabebeka. Ila timu yenye mechi 12 ina washirika wasiozidi 24, basi hifadhini zisizo sifuri tu kwa scipy.sparse.